Baada ya Kupima Presha Kanisani, Nani Atamfuata Mgonjwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni katibu wa usharika mmoja hapa Mwanza. Baraza la wazee limependekeza kwamba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, wauguzi wa zahanati ya serikali iliyo jirani nasi waje kuwapima presha na sukari watu wote wa mtaa, wawe Wakristo au la. Wazee wachache wanapinga, wakisema kanisa si zahanati na kwamba ipo siku tutalaumiwa. Je, jambo hili linaruhusiwa, na tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu Katibu, linaruhusiwa, wala ninyi si wa kwanza. Hospitali ya Bugando mnaiona kila siku pale kilimani: ilifunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za Kanisa Katoliki, ikataifishwa mwaka 1972, na mwaka 1985 ikarejeshwa kwa maaskofu kwa makubaliano ya kuiendesha pamoja na serikali. Mwaka 1992 makanisa, Katoliki na ya Kiprotestanti, yalitiliana saini na serikali makubaliano ya kutoa huduma za jamii kwa ushirikiano, ndipo ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii (CSSC). Wazee wenu wanaosema kanisa si zahanati wamesema kweli, na ndiyo maana mnawaalika watu wa zahanati badala ya kupima wenyewe.

Ninachohofia mimi ni kingine. Miaka michache iliyopita nilihudhuria zoezi la namna hiyo katika kanisa moja. Mama mmoja wa makamo alipimwa, presha yake ikasoma 190 kwa 110, akaandikiwa kikaratasi cha kumpeleka kituo cha afya. Nilipokutana naye miezi minne baadaye, alifungua pindo la khanga yake, na katikati ya noti alizozihifadhi kwa ajili ya sadaka kilikuwapo kikaratasi kilekile, kimekunjwa mara nne. Hakuwa amekwenda kokote. Hakuwa na maumivu, nauli ilikuwa ya shida, na hakuna hata mmoja wetu aliyemfuata nyumbani kumuuliza. Tulikuwa tumempima tu, tukadhani tumemhudumia.

Presha ya kupanda ina tabia hiyo ya kukaa kimya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima walio nayo duniani hawajui kuwa wanayo, na anayejua leo huweza kuacha dawa kesho kwa kuwa anajisikia mzima. Kwa sababu hiyo mashine ni sehemu ndogo ya kazi hii. Sehemu kubwa ni mtu wa kubisha hodi siku ya tatu, kisha mwezi wa pili, kisha mwezi wa sita. Zahanati yenye wauguzi wachache haina mtu huyo. Ninyi mnaye. Jumuiya zenu zinazokutana nyumba kwa nyumba zinajua nani amelazwa, nani amefiwa na nani hakuonekana ibadani wiki mbili, na ujuzi huo ni kitu ambacho hospitali haiwezi kukinunua.

Basi anzeni kwa kumwona mganga mfawidhi wa zahanati, ambaye atawapeleka kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri kwa kibali na kuwaunganisha na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kabla ya Jumapili ya kwanza kubalianeni ni kliniki gani itawapokea watakaokutwa na tatizo, na siku zipi. Mjulisheni mwenyekiti wa mtaa, na mumwombe imamu wa msikiti wa jirani awatangazie waumini wake, kwa maana jirani asiye Mkristo hatavuka mlango wenu kwa tangazo la madhabahuni peke yake. Anayepimwa aketi dakika 5 akiwa ametulia, mgongo umeegemea na mkono juu ya meza, kwa kuwa aliyetoka kuimba na kucheza kwaya presha yake inaweza kusoma juu ya ilivyo. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, arudiwe kupimwa na apelekwe kliniki. Uamuzi wa dawa ni wa mtabibu.

Kuhusu lawama, wazee wana hoja nzito mahali pamoja: siri. Pimeni ndani ya chumba, msiwe na daftari la majina linalozunguka mezani, na mtembeleaji wa jumuiya apewe jina la mtu pale tu mwenyewe anaporidhia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaja taarifa za afya miongoni mwa zile nyeti. Mchungaji asizisikie isipokuwa mgonjwa amemwambia mwenyewe, na zisigeuke kamwe kuwa mfano wa mahubiri.

SWALI: Mdogo wangu ana kisukari cha kuchoma sindano tangu utotoni. Tangu alipoombewa wiki hii anasema amepona, ameacha insulini, na mimi nikimsihi anasema sina imani. Nifanye nini? Dada mwenye hofu, Musoma.

JIBU: Dada yangu, usingoje mjadala wa imani uishe. Mgonjwa wa aina hiyo mwili wake hautengenezi insulini, na akiiacha anaweza kufariki ndani ya siku chache. Ukimwona ana kiu isiyokatika, anakojoa mno, anatapika, ana maumivu ya tumbo au anapumua kwa kasi na kwa kina, mkimbize hospitali hata usiku. Hata kama dalili hizo hazijaonekana, apelekwe leo. Kisha mfuate mchungaji aliyemwombea, kwa heshima, umwombe aende naye kliniki na amwambie kwa kinywa chake mwenyewe kwamba maombi hayakumwamuru aache sindano. Neno hilo likitoka kwake, mdogo wako atalisikia kuliko likitoka kwangu au kwako.