Uzito ukae mguu upi ukisimama kupigana ndondi?

Umeuliza uzito ukae mguu wa mbele au wa nyuma. Anza nusu kwa nusu. Miguu iachane kwa upana wa mabega au zaidi kidogo, magoti yalegee, kisigino cha nyuma kiinuke kidogo tu. Usiipange kwenye mstari mmoja, maana hata msukumo mdogo wa ubavuni utakuyumbisha.

Ila uzito haugandi hapo, na hili ndilo la kufanyia kazi kweli. Ukirusha ngumi ya mkono wa nyuma, kisigino cha nyuma kinageuka kwenda nje, nyonga inazunguka, uzito unahamia mbele. Kisha urudishe katikati mara moja! Pua ikivuka goti la mbele umeegemea mno. Mpinzani akirudi hatua moja tu, unamwangukia. Bondia Joe Frazier aliegemea mbele, mwenzake Floyd Mayweather nyuma, lakini hiyo ni mitindo ya watu waliokwisha kuiva. Usianzie huko.

Jaribu mbele ya kioo: rusha ngumi polepole, uusimamishe mkono ukiwa umenyooka. Ukiyumba, punguza kujinyoosha, na zaidi sana kunja magoti.