Mwenzetu anadaiwa 314,600: je, hesabu ya kikundi ni sahihi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake 22 hapa Chamazi, Dar es Salaam. Hisa yetu ni shilingi 5,000, mtu ananunua moja hadi tano kwa wiki, na mkopo una riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Mwenzetu mmoja, mjane anayeuza vitumbua, alikopa 300,000 kwa miezi mitatu. Ni mkopo wake wa pili mwaka huu. Wa kwanza, wa kiasi hichohicho, alimaliza vizuri. Safari hii alitoa rejesho moja la 130,000, kisha mtoto akalazwa, miezi miwili ikapita bila kitu. Kila mwezi tumemwongezea asilimia 10 ya deni lililobaki, sasa limefika 314,600. Mwezi ujao tunavunja, yaani tunagawana akiba na faida. Hisa zote ni 2,400, fedha pamoja na madeni ni 15,600,000, kwa hiyo kila hisa ni 6,500. Yeye ana hisa 48, yaani 312,000. Ataondoka mikono mitupu na bado atadaiwa 2,600. Wengine wanasema sheria ni sheria. Tumekosea wapi? Na je, tukisajiliwa tutapata ule mkopo wa halmashauri?

JIBU: Marahaba, katibu. Mmekosea, na kosa liko kwenye daftari lenu wenyewe.

Mlipomkopesha mlipiga riba ya miezi yote mitatu mapema, 90,000. Ndiyo maana rejesho likawa 130,000. Basi zile 260,000 zilizobaki zilikuwa tayari zimebeba 60,000 za riba ya miezi hiyohiyo miwili aliyokwama. Nanyi mkaitoza upya: 26,000 mwezi wa kwanza, 28,600 wa pili. Mwezi mmoja, riba mara mbili, tena ya pili imekaa juu ya ya kwanza. Wakopeshaji wa kausha damu nao hufanya hivyohivyo, ila wao hawaanzi kikao kwa wimbo.

Fungueni katiba. Kama ina faini ya kuchelewa, mtozeni kiasi kilichoandikwa, si zaidi. Kama haina, deni lake ni 260,000. Mkiziondoa hizo 54,600 kwenye faida, kila hisa itashuka kwa shilingi 23 hivi. Mwanachama aliyejaza hisa tano kila wiki akafikisha, tuseme, 220, atapungukiwa kama 5,000, bei ya hisa moja. Mjane ataondoka na karibu 51,000, za kuanzia mchele na mafuta. Wasomeeni namba hizi mbili kikaoni, kisha nyamazeni.

Lakini hujaniandikia neno hata moja kuhusu mfuko wa jamii. Mtoto alipolazwa ulikuwa wapi? Ule mchango mdogo wa kila wiki umewekwa kwa siku kama ile. Angepewa msaada wiki ileile, pengine rejesho la pili lingepatikana.

Sasa jambo ambalo vikundi vingi havipendi kulisikia. Faida yenu haitoki mbinguni, inatoka kwa wanaokopa na kwenda kwa wenye hisa. Mama huyu, akimaliza deni, atakuwa amelipa riba ya 180,000 kwa mikopo miwili. Gawio lake, hata kwa hesabu yenu ya 1,500 kwa hisa, ni 72,000. Zile 108,000 nyingine zimekwenda kwa wenzake, na zaidi kwa wale wenye hisa nyingi, ambao mara nyingi ndio hawana shida ya kukopa. Muuza vitumbua anamchangia mwenye duka.

Mzunguko ujao pigeni riba juu ya deni la msingi lililobaki. Kwa 300,000, mwezi wa kwanza riba ni 30,000, wa pili 20,000, wa tatu 10,000. Marejesho yatakuwa 130,000, 120,000 na 110,000. Jumla ya riba 60,000 badala ya 90,000. Ndiyo, gawio litapungua na mwenye hisa nyingi atanung'unika. Mimi ningemwacha anung'unike. Ila msibadilishe kanuni katikati ya mzunguko kwa ajili ya mtu mmoja, hata kama mnamhurumia. Mwakani mwingine ataomba yake.

Kuhusu usajili: chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama chenu viko daraja la nne, na usajili hufanyika kupitia halmashauri. Mkopo mnaousikia unatokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Mkiupata, usiingie kwenye sanduku la kikundi mkaanza kukopeshana kwa asilimia 10. Uende kwenye mradi mliouandikia. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa na katiba, muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama. Kifungu cha riba kirekebisheni kabla ya kwenda, maana katiba mtakayoikabidhi pale ndiyo itakayowabana.