Mkuu, usikate huo waya! Sabufa haili kwenye tundu za spika

Weka kwanza hicho kisu chini. Umesema priampu yako (ile mashine ya volyumu inayokaa kabla ya ampu) ina PRE OUT, yaani tundu za kutolea sauti kwenda kwenye ampu, jozi moja tu, imeshachukuliwa na ampu, na fundi amekushauri ukate kichwa kimoja cha waya wa RCA (zile za vichwa vyekundu na vyeupe), uuchune, uufunge kwenye tundu za spika nyuma ya ampu, halafu kichwa kilichobaki ukichomeke LINE IN ya sabufa, tundu lake la kuingizia sauti. Nilipewa ushauri huohuo, neno kwa neno. Nimeanza kuhisi tuna fundi mmoja.

Mwaka juzi nilikuwa na ampu ndogo ya klasi D, wati 50 kila upande, nimeidunduliza miezi minne. Sabufa nilichukua mtumba Kariakoo, yenye ampu yake ndani. Nazungumzia boksi la besi lenyewe, siyo lile seti zima lenye redio, rimoti na taa za disko ambalo sisi Wabongo tunaliita sabufa. Fundi akaja na koleo. Nikamuuliza, kaka, mbona unatoa kwenye spika unaingiza kwenye tundu dogo hivi? Akanijibu bila wasiwasi: "Sauti ni sauti, bosi."

Sauti si sauti! PRE OUT inatoa volti moja au mbili hivi. Ampu ya wati 50 kwenye spika ya omu 8 ikifunguliwa yote inafika volti 20. LINE IN imetengenezwa kupokea hiyo moja au mbili. Ni kunywesha kichanga kwa ndoo.

Na hiyo bado ilikuwa nafuu, maana kilichonimaliza ni waya mweusi. Kwenye ampu nyingi ndogo za klasi D, tundu jeusi la spika si ethi. Nalo lina moto wake, linasukuma kinyume cha jekundu. Kushoto kuna jeusi lake, kulia kuna jeusi lake, na hayatakiwi kukutana popote. Sasa ule wavu wa nje wa waya wa RCA tulioufunga kwenye jeusi la kushoto, ukifika ndani ya sabufa unakutana na wavu wa kulia, na zote ni kitu kimoja. Yaani tulipiga shoti kwa mikono yetu wenyewe, tena kwa unadhifu, tukazungushia na tepu.

Nikawasha. Tap! Harufu ya plastiki, taa ya ampu kimya. Mke wangu akauliza kutoka jikoni kama hiyo ndiyo besi tuliyokuwa tunaingojea. Nikamwambia mashine inapata moto kwanza. Na kweli, ukiigusa ilikuwa inaunguza.

Fundi akasema umeme wa mtaa wetu mkali. Baada ya dakika tano akasema ampu ilitoka dukani mbovu. Kisha akaomba nauli, nami nikampa! Ampu nimeshaisamehe, nauli bado.

Kwa hiyo shika hili moja: SABUFA INAKULA KABLA YA AMPU, HAILI BAADA YA AMPU. Nunua waya mbili za Y, kila moja dume moja (kichwa cha kuchomeka) na majike mawili (tundu za kuchomekewa), bei yake ni chipsi mayai na soda. Zima kila kitu, chomoa ukutani. Y moja PRE OUT kushoto, nyingine kulia. Kila Y, mguu mmoja uende kwenye ampu kwa waya wa RCA mzima, mwingine vivyo hivyo LINE IN ya sabufa. Basi. Ukizungusha volyumu ya priampu, zote mbili zinapanda na kushuka pamoja. Usihofu kwamba priampu itachoka: ampu ikiwa na ukinzani wa omu 20,000 kwenye tundu la kuingizia na sabufa 20,000, yenyewe inaona 10,000, na priampu nyingi za kawaida hazisumbuliwi na mzigo huo.

Usijaribiwe na REC OUT, tundu la kurekodia, kwa sababu tu ipo wazi. Ile haifuati volyumu. Utapunguza muziki usiku, besi ibaki palepale, majirani waje na jibu lao. Na Y usiigeuze ukakutanisha nyekundu na nyeupe kwenye tundu moja, utapoteza stirio hata kwenye spika kubwa.

Najua atatokea mtu kusema kuna sabufa zenye HIGH LEVEL, zinazopokea waya za spika. Zipo, na zinapiga vizuri, ingawa hata hizo, kwa ampu kama ile yangu, unasoma kwanza kitabu chake. Lakini wewe umesema yako ina LINE IN pekee, kwa hiyo huyo tumsalimie apite.

Uliuliza pia kona ya kuiweka, na besi ikatwe hezi ngapi, sijui na urefu wa waya. Mkuu, ikishaungua haina kona.

Piga picha mgongo wa ampu na wa sabufa, weka hapa kabla hujawasha. Na huyo fundi akiomba nauli, mwambie atembee.