Kitambaa kinapita kwenye rangi sekunde mbili tu, kinanyonya saa ngapi?

SWALI: Habari za kazi ndugu mtaalamu. Nimeanza kazi juzi juzi kwenye kiwanda cha nguo, upande wa kutia rangi. Mashine yetu haisimami, kitambaa kinaingia kikavu huku kinatoka kule kimelowa rangi, kwenye beseni hakikai hata sekunde mbili. Sasa kinanyonya saa ngapi? Afu mbona jora linaanza limekolea likienda mbele linapauka, na rangi ni ileile hakuna aliyegusa kitu?

JIBU: Salama ndugu yangu. Kulowa na kushika rangi ni vitu viwili tofauti. Hizo sekunde mbili ni za kulowa tu, na kazi kubwa hapo inafanywa na zile rola mbili za kukamua, kwa sababu presha yake inafukuza hewa iliyojificha katikati ya nyuzi na kusukuma maji ya rangi yaingie ndani, halafu ya ziada yanarudi kwenye beseni. Kama kilo 100 za kitambaa kikavu zinatoka na uzito wa kilo 170, kimebeba asilimia 70, na kwa pamba hapo ni kawaida kabisa.

Kushika kunakuja mbele. Pamba yenye rangi riaktivu inahitaji magadi na mvuke wa nyuzijoto 100 hivi kwa kama dakika moja, hapo rangi inazama ndani ya uzi na kufungamana nao kikemia. Poliesta haishiki hivyo, yenyewe inataka hewa kavu ya nyuzijoto 200 mpaka 220, uzi ulegee ndo rangi ipenye.

Sasa hilo la kupauka, na hapa naomba usome taratibu maana watu wengi wanamlaumu aliyepima rangi bure. Pamba inaipenda rangi kuliko inavyopenda maji, kwa hiyo inavuta rangi nyingi kuliko ile iliyomo kwenye maji inayoondoka nayo, na beseni linabaki na maji mepesi kidogo kidogo mpaka rangi inayoongezwa ilingane na inayoondoka, ndo maana mita za mwanzo zimekolea kuliko zinazofuata. Mkichanganya rangi tatu na moja inavutwa haraka kuliko wenzake basi hata sura ya rangi yenyewe inabadilika, kahawia inaanza kuelekea kijani hivi. Dawa yake ni beseni dogo ili maji yabadilike haraka, rangi zisizovutwa sana na pamba, maji yasiwe ya moto, na wengine wanaanza na beseni lililozimuliwa kidogo makusudi.

Kabla ya yote hayo dondoshea tone la maji kwenye kitambaa kikavu. Likikaa juu kama shanga bila kuzama, bado kuna nta au wanga wa kufumia, rudisheni kikaoshwe upya, msihangaike na rangi.

Halafu kata kipande cha pindo la kushoto, cha katikati na cha kulia uviweke pamoja. Vikitofautiana, kagueni kwanza presha ya rola, inawezekana zinabana zaidi upande mmoja. Ila kama uso wa kitambaa na mgongo wake ndo havifanani, angalieni ukaushaji, kinakauka haraka upande mmoja na maji yanakimbilia huko yakibeba rangi.