Wakikuambia mwanao ana ugonjwa wa ukaidi

Wazazi wenzangu mnaolea Marekani, simu hiyo ya shule inaweza kukufikia siku yoyote: mwanao hasikii, anabishana na mwalimu, huenda ana ODD, yaani ugonjwa wa ukaidi na upinzani, apelekwe kwa mtaalamu. Iliponifikia mimi hapa Ohio, kijana wangu alikuwa darasa la pili. Nilimpigia mama Tanga, akacheka mpaka akakohoa. "Ukaidi nao siku hizi maradhi?" Kisha akauliza kama huku bakora hazipatikani.

La bakora tuliache. Swali lake la kwanza wataalamu wenyewe bado wanalibishania. Tatizo hili liliingia katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980. Toleo la 2013 linataja dalili nane, miongoni mwake kupandwa na hasira upesi, kubishana na wakubwa, kukataa amri, kuudhi watu makusudi, kuwasingizia wengine makosa yake na kulipiza kisasi. Mtoto akionyesha nne kwa miezi sita, na si kwa ndugu zake tu, anaweza kupewa jina hilo. Sasa itazame tena orodha. Karibu yote ni namna mtoto anavyomkera mtu mzima. Kinachomsumbua mtoto mwenyewe hakimo.

Mwaka 1851 daktari mmoja wa Louisiana, Samuel Cartwright, aliandika kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili. Ninalea mtoto mweusi katika nchi hiyohiyo, ambako tafiti zimeonyesha watoto weusi hupewa majina ya utovu wa nidhamu mara nyingi kuliko wazungu. Kwa hiyo nikisikia kutotii kunaitwa maradhi, huuliza kwanza amri ilitoka kwa nani, na ilikuwa amri gani.

Hata hivyo sisemi jina hilo ni uzushi. Zipo nyumba ambazo kila asubuhi ni vita, mtoto mwenyewe analia kwamba hana rafiki, na bila jina la kitabibu bima hailipi kitu. Tiba inayoaminika zaidi humlenga mzazi kwanza: anafunzwa kutoa amri chache na fupi, kusifu jema palepale, na adhabu ndogo isiyobadilika leo na kesho. Dawa maalumu ya ODD yenyewe hakuna, kwa hiyo ukiandikiwa vidonge uliza vinatibu nini hasa.

Waulize pia ukaidi huo unaonekana wapi. Ukaidi wa mahali pamoja tu, mwongozo wenyewe unauhesabu kuwa hafifu. Wangu madrasa na nyumbani alikuwa anaelewana na watu. Kasheshe ilikuwa darasani. Kabla ya yote omba apimwe masikio, ueleze usingizi wake ukoje, uulize kuhusu lugha, hofu, na shida ya kutotulia. Wangu alikutwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio: nusu ya amri alizokuwa "akikataa" hakuzisikia. Alipotibiwa, ubishi ulipungua. Uliobaki ni wa baba yake, nao hauna daktari.

Shuleni omba tathmini kwa barua, ubaki na nakala. Mkalimani ni haki yako, hulipii, na tathmini ya kwanza inahitaji idhini yako kwa maandishi. Usitie saini kikaoni kwa kuona haya. Chukua karatasi, nenda nazo nyumbani, zisome.