Jirani Asiyeitikia Salamu

Swali: Jirani yangu, ambaye si Mkristo, haitikii salamu zangu. Je, nimhubirie kwanza, au niendelee kumtendea wema tu?

Jibu: Endelea na wema, kwa maana Yakobo 2:15-16 inamkemea anayemuaga mwenye njaa kwa maneno ya amani bila kumpa mahitaji ya mwili, na katika Luka 10 yule Msamaria alifunga majeraha, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake na kumlipia dinari 2 katika nyumba ya wageni, pasipo kumuuliza dini yake. Hata hivyo, wema unaotolewa kama chambo (na jirani huutambua upesi) humdhalilisha anayeupokea. Mwangalizie watoto anapougua, wala usimsengenye. Akikuuliza sababu, mweleze tumaini lako kwa upole, kama inavyoagiza 1 Petro 3:15.