Mwanazuoni si mwanachuo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeletewa kadi ya mhadhara pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imeandikwa "Wanazuoni wote mnakaribishwa." Mjomba wangu, ustadhi wa madrasa, anasema neno hilo ni la mashehe, maprofesa wamelidandia tu. Ni kweli? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Marahaba. Asili ya neno mjomba ameipatia, ila maprofesa amewaonea.

Chuo, kabla ya kuwa majengo yenye mkuu na mahafali, kilikuwa kitabu, na pia mahali pa kusomeshea Kurani. Kwa watu wa Lamu wingi wake ni zuo. Ndiko alikotoka mwanazuoni, mtu aliyekulia vitabuni. Wengine humwita mwanachuoni, ni yuleyule. Siku hizi neno linamtosha yeyote aliyebobea katika elimu, iwe ya dini au ya dunia.

Pa kuchunga ni hiyo -ni ya mwisho. Idondoshe kwenye mwanachuoni, unabaki na mwanachuo, yaani mwanafunzi. Wanachuo ndio wanaosubiri bumu, yaani pesa ya kujikimu, na kupiga kura za DARUSO, serikali ya wanafunzi wa Mlimani. Wanaowafundisha ni wanataaluma, nao wana UDASA yao, jumuiya ya wahadhiri. Magazeti yetu huchanganya mambo haya, mtu akasoma "wanachuoni wagoma" akadhani maprofesa wameingia barabarani.

Msomi nalo limeshuka bei. Aliyehitimu juzi ni msomi, na mawakili huitana "msomi" mahakamani hata wakiwa wanararuana. Gwiji na nguli ni sifa nzuri, lakini utazikuta pia kwenye soka na muziki wa dansi.

Uanataaluma huja na barua ya ajira. Uanazuoni hauna barua. Sheikh Amri Abedi, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, hakuwa profesa. Lakini kanuni za ushairi alizochapisha mwaka 1954 ziliwagonganisha vichwa wahadhiri wa Mlimani miaka ya 1970, yeye akiwa keshafariki. Huyo mwite mwanazuoni bila kusita.

Ndiyo maana neno hili mtu hupewa, hajipi. Anayeandika kwenye wasifu wake "mimi ni mwanazuoni" mimi humtilia shaka. Kadi yako haina kosa, mwenyeji ana ruhusa ya kuwapamba wageni wake. Ila kama walitaka na wanafunzi waje, wangeandika "wanataaluma na wanachuo."